Jinsi ya Kuanza Kukusanya Kompyuta za IBM za Miaka ya 1980 na Kibodi Zake

Mtu anayeanza kukusanya kompyuta za zamani kwa kawaida huitazama skrini kwanza, kisha kasha, na kibodi huichukulia kuwa kitu cha ziada kinachoweza kupatikana popote. Mimi nashauri aanzie upande wa pili. Kibodi ndiyo sehemu ambayo mikono ya mtumiaji huigusa muda wote wa kazi, ndiyo inayopotea mapema kuliko sehemu nyingine pale ofisi inapohama au stoo inapofagiliwa, na ndiyo inayomweleza mnunuzi makini umri na asili ya mashine kabla hajafungua hata skrubu moja. Kompyuta ya mwaka 1983 iliyotenganishwa na kibodi yake haiwezi kuazimwa kibodi ya mwaka 1993 ikafanya kazi, hata kama plagi imeingia vizuri. Sababu nitaieleza mbele. Mwongozo huu unahusu familia moja tu, yaani kompyuta binafsi za IBM za muongo wa 1980, kwa kuwa ndizo ninazozifahamu kwa mikono yangu na ndizo ambazo, hapa Afrika Mashariki, mtu mwenye subira bado anaweza kukuta kipande chake katika stoo ya shule, misheni au shirika.

Kuitambua mashine kwa kibodi yake

IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi ya kwanza, yenye namba 5150, tarehe 12 Agosti 1981. Ndani yake mna prosesa ya Intel 8088 inayokwenda kwa megahezi 4.77, nafasi tano za kadi, na pawasaplai ya wati 63.5 ambayo inazidiwa ukitaka kuiongezea diski kuu ya zama zile. Machi 1983 ikafuata 5160, maarufu kwa jina la XT, yenye nafasi nane za kadi na pawasaplai ya wati 130. Agosti 1984 ikatoka 5170, yaani AT, yenye prosesa ya 80286. Na Aprili 1987 ikaja familia ya PS/2, ambayo ndiyo iliyoleta ile plagi ndogo ya mviringo yenye pini sita tuliyoizoea kwenye kibodi na vipanya kwa miaka mingi baadaye.

Kibodi ya 5150 na ya XT ina vitufe 83, na vitufe vyake kumi vya F vimepangwa kushoto katika safu mbili za wima. Ya AT ina vitufe 84, Enter yake ni kubwa, na juu kulia ina taa tatu. Hizo zote mbili wakusanyaji huziita Model F. Kuanzia mwaka 1985 ikaja Model M, yenye vitufe 101 kwa mpangilio wa Marekani au 102 kwa mpangilio wa Ulaya, ikiwa na vitufe kumi na viwili vya F vilivyolala juu na mishale iliyopangwa peke yake upande wa kulia. Mpangilio huo wa Model M ndio ulioigwa na karibu watengenezaji wote, na ndiyo sababu mtu aliyejifunza kuchapa kwenye kompyuta ya leo anaikalia kibodi ya mwaka 1987 bila kupotea.

Kwetu sisi kuna jambo la kufurahisha hapa. Kiswahili kinaandikwa kikamilifu kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za juu, na ng' haihitaji zaidi ya ritifaa, kwa hiyo kibodi ya Kimarekani ya vitufe 101 inakiandika bila upungufu wowote. Ya Uingereza itakuongezea alama ya pauni. Mkusanyaji wa Bujumbura, Bukavu au Lubumbashi ajiandae kukutana na kibodi za mpangilio wa Kifaransa, ambazo A na Q zimebadilishana nafasi. Zisiachwe kwa sababu hiyo, maana kibodi iliyotumika mahali fulani ni sehemu ya historia ya mahali hapo.

Geuza Model M kichwa chini, usome kibandiko. Mna namba ya sehemu, tarehe ya kutengenezwa na nchi ilikotoka. Namba 1391401 ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi kwa mpangilio wa Kimarekani. Viwanda vilivyozitengeneza kwa wingi vilikuwa Lexington katika jimbo la Kentucky, Greenock huko Uskoti, na Guadalajara nchini Mexico. Mwaka 1991 IBM iliitenga sehemu hiyo ya biashara ikawa kampuni ya Lexmark, ambayo iliendelea kuzitengeneza hadi mwaka 1996, na baada ya hapo kazi ikachukuliwa na Unicomp, hukohuko Lexington. Jambo hili lina faida ya moja kwa moja kwa mkusanyaji, kwa kuwa Unicomp bado wanatengeneza kibodi za aina hiyo, na vitufe vyao vipya vinakaa kwenye Model M ya zamani iliyopoteza herufi moja au mbili.

Kilichomo chini ya kitufe

Chini ya kila kitufe cha Model F na Model M imesimama springi nyembamba ya chuma. Kidole kinaposhuka, springi hujibana kidogo kidogo mpaka inafika mahali ambapo haiwezi tena kubaki wima. Hapo hupinda ghafla ubavuni, hugonga ukuta wa kitundu chake kwa mlio mkali, na papo hapo hukibinua kinyundo kidogo cha plastiki kilicho kwenye kitako chake. Mlio unaousikia na mshtuko unaouhisi kwenye ncha ya kidole vinatokea wakati uleule kompyuta inapopokea herufi. Hiyo ndiyo tofauti yake na kibodi nyingi za leo zenye vikombe vya mpira, ambazo zinamlazimu mchapaji kukandamiza mpaka chini ili ahakikishe kwamba herufi imeingia.

Tofauti ya F na M iko katika kile ambacho kinyundo kinakifanya. Katika Model F kinyundo kinakaa juu ya ubao wa saketi, na kikibinuka hubadilisha chaji inayoweza kushikwa kati ya vibati vya ubao huo. Hakuna vitu viwili vinavyokutana ili kupitisha umeme, kwa hiyo hakuna cha kulika kwa kugusana. Katika Model M kinyundo kinakandamiza karatasi tatu za plastiki zenye njia za umeme, mpaka ile ya juu na ile ya chini zikutane kupitia tundu la ile ya katikati. Njia ya pili ni rahisi zaidi kuitengeneza kiwandani. Kwa maoni yangu Model F ndiyo bora kwa mkono, lakini anayeanza na aanze na Model M, kwa kuwa inapatikana kwa urahisi zaidi, inasamehe makosa ya fundi mchanga, na inaunganishwa na kompyuta ya leo bila usumbufu mkubwa.

Wapi pa kutafuta, na jinsi ya kukagua kabla ya kulipa

Historia ya nchi inaamua utakachokikuta. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na ingawa masharti hayo yalikuja kulegezwa, athari yake ni kwamba mashine za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni adimu sana upande huo, na zilizopo mara nyingi ziliingia kupitia miradi ya misaada, vyuo na ofisi za kigeni. Nairobi, ambako mashirika ya kimataifa yamekuwa na ofisi kubwa tangu miaka ya 1970, ina nafasi nzuri zaidi. Minada ya vifaa vilivyoondolewa ofisini, stoo za shule za bweni na za misheni, mafundi wa Luthuli na wa Kariakoo wanaohifadhi mabaki kwa ajili ya vipuri: hapo ndipo pa kuanzia. Mwambie fundi unatafuta kibodi nzito ya IBM yenye kelele. Atakuelewa mara moja, hata kama hakumbuki namba yoyote.

Ukiagiza kutoka nje, agiza kibodi, usiagize kasha la kompyuta mpaka uwe na sababu ya kutosha. Model M ya mwanzo ina uzito unaozidi kilo mbili, na hilo linabebeka. Kasha la XT pamoja na skrini yake ni mzigo ambao nauli yake inaweza kuizidi bei ya mashine yenyewe. Uliza forodha mapema pia, kwa sababu sheria kuhusu kompyuta zilizotumika hubadilika. Uganda, kwa mfano, iliwahi kuzizuia kabisa zisiingie nchini.

Ukaguzi wa kibodi hauhitaji umeme. Ishike kwa mikono miwili, igeuze kichwa chini, uitikise taratibu karibu na sikio. Kibodi yangu ya kwanza niliipata katika mauzo ya vifaa vya ofisi iliyokuwa inafungwa, na muuzaji alinihakikishia kwamba haikuwa imetumika sana; nilipoitikisa nilisikia kama punje za mchele ndani ya debe tupu. Hizo hazikuwa takataka. Zilikuwa vichwa vya ribiti za plastiki, ambazo kiwandani huyeyushwa ili zilishike bati la chuma la nyuma lisiachane na fremu ya vitufe. Plastiki hiyo huwa kavu kwa miaka, vichwa hukatika kimoja kimoja, na mahali vilipokatika karatasi hazibanwi tena sawasawa, kwa hiyo vitufe vinakuwa vilegevu, vinapoteza mlio na hatimaye vinanyamaza. Kelele hiyo haikuzuii kununua, ila inakupa haki ya kupunguziwa bei, na inakujulisha kazi itakayokusubiri nyumbani.

Baada ya hapo bonyeza vitufe vyote, kimoja kimoja, ukisikiliza. Vyote vitoe mlio wa aina moja. Chenye sauti butu ama springi yake imehama, ama bati limelegea hapo. Tazama herufi zilizochapwa. Vitufe vya IBM vya zama hizo ni vya plastiki ya PBT, na rangi ya herufi imezamishwa ndani ya plastiki kwa joto, kwa hiyo haisuguliki kirahisi. Ukikuta A na E zimefutika kwa vidole, una sababu ya kushuku kwamba vitufe hivyo si vya asili. Tazama na waya. Katika nyingi za mwanzo waya unachomoka nyuma ya kibodi, na ukikosekana utakulazimu kuutafuta peke yake.

Jihadhari na kibodi ya vitufe 122. Inafanana na Model M na ni nzuri sana, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya vituo vya kompyuta kubwa za IBM, kama vile za benki, na lugha yake ya umeme ni tofauti.

Usiiwashe

Hili ndilo kosa linaloua mashine nyingi zaidi kuliko miaka yenyewe: mtu anafika nyumbani, anachomeka plagi ukutani, anabonyeza swichi ili aone kama inawaka. Mashine iliyolala stoo kwa miaka 30 haipaswi kupewa umeme kabla haijafunguliwa.

Anza na kibandiko cha pawasaplai. Mashine iliyouzwa Marekani inaweza kuwa ya volti 120 tu, nasi ukutani tuna volti 230 hadi 240. Ukiichomeka moja kwa moja, utaiharibu papo hapo. Kama kuna swichi ndogo nyekundu nyuma, hakikisha iko upande sahihi. Kama hakuna, na kibandiko kinasema 120, nunua transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi mahitaji ya mashine na skrini yake kwa pamoja. Mashine iliyotoka Uingereza haina tatizo hilo.

Kisha fungua kasha, utazame kwa tochi. Utakuta vumbi, na mara nyingi utakuta wakazi: mende ndani ya pawasaplai, kiota cha nyigu wa udongo nyuma ya feni, mjusi aliyekauka juu ya ubao mama. Mkojo na kinyesi cha wadudu na panya hula njia za shaba, kwa hiyo usiishie kupuliza tu. Futa kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko haifai, kwa kuwa huacha rangi na uchafu.

Tafuta betri. Ubao mama wa 5150 na wa XT hauna betri, na hiyo ni neema. AT ina betri iliyofungwa kando. Hatari kubwa iko katika kompyuta za kuiga, yaani zile zenye prosesa za 286, 386 na 486 zilizotengenezwa na kampuni nyingine, ambazo nyingi zina betri ya kuchaji yenye umbo la pipa dogo iliyochomelewa moja kwa moja kwenye ubao. Betri hiyo huvuja, na majimaji yake hutembea chini ya rangi ya ubao yakila shaba mpaka kwenye soketi ya kibodi, ambayo kwa kawaida iko jirani. Ikate hata kama bado haijavuja. Kama imevuja, pangusa eneo hilo kwa siki nyeupe kidogo, kwa sababu majimaji ya betri hiyo ni alkali na asidi ya siki huyapoza, kisha suuza kwa maji safi, malizia kwa isopropili, na uache pakauke siku nzima.

Kwenye ubao mama wa 5150 na XT kuna kapasita, yaani vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme, ndogo za tantalamu zenye umbo la tone. Hizi zina tabia ya kufa kwa kujifunga, yaani kuunganisha njia ya umeme na ardhi. Kabla ya kuwasha, weka mita kwenye omu upime kati ya ardhi na kila njia ya umeme, yaani +5, +12, −5 na −12. Ukipata karibu na sufuri, kuna iliyojifunga, na mara nyingi ni ya njia ya volti 12. Dalili yake kwa mtu aliyekwisha kuwasha ni feni kustuka mara moja kisha kusimama: pawasaplai imejizima ili kujilinda, na haina kosa lolote. Kapasita mpya ya thamani hiyohiyo, yenye kiwango cha juu zaidi cha volti, ni ya bei ndogo, na fundi yeyote wa redio ataibadilisha kwa dakika kumi.

Ndani ya pawasaplai, kwenye mlango wa umeme wa ukutani, pawasaplai nyingi za zama hizo zina kapasita za karatasi zenye ganda la kahawia hafifu linalopenyeza mwanga. Ganda likipata nyufa, unyevu huingia, na siku ya kuwashwa kapasita hupasuka kwa moshi mwingi wenye harufu kali. Kama una uzoefu, zibadilishe mapema. Kama huna, mpelekee fundi, maana kapasita kubwa za humo hubaki na umeme wa kutosha kumdhuru mtu hata baada ya plagi kutolewa. Skrini ya kioo usiifungue kabisa. Volti zake ni za maelfu.

Kuhusu skrini kuna tahadhari nyingine moja. Ile nyeusi na kijani ya IBM, namba 5151, na ile ya rangi, namba 5153, zote zina plagi ya pini tisa inayofanana. Ukiichomeka 5151 kwenye kadi ya rangi ya CGA, mapigo ya mlalo hayalingani na skrini inaweza kuungua. Soma kadi kabla ya kuunganisha.

Ukishamaliza yote hayo, unganisha ubao mama, kadi ya skrini na kibodi tu, uwashe. Pawasaplai hizi zinahitaji mzigo ili ziamke, kwa hiyo usiijaribu ikiwa peke yake. Mlio mmoja mfupi maana yake ukaguzi umepita. Ukiona namba 301, mashine inalalamikia kibodi. 201 ni kumbukumbu. 601 ni kiendeshi cha disketi. 1701 ni diski kuu. Na 5150 isiyo na disketi yoyote haitakuonyesha kosa: itafungua BASIC, lugha ya kuandikia programu iliyomo ndani ya ROM yake (kumbukumbu isiyofutika), tayari kuandikwa. Mara ya kwanza nilipoiona ile alama ya mahali pa kuandikia ikipepesa kwenye skrini, kwenye mashine ambayo mwenyewe alikuwa anataka kuitupa, nilikaa mbele yake bila kugusa kitu kwa muda mrefu.

Kusafisha na kutengeneza kibodi

Piga picha ya kibodi kabla ya kung'oa kitufe chochote. Tumia waya mwembamba uliokunjwa kama ndoana mbili, uuingize pande mbili za kitufe, uvute juu moja kwa moja. Katika Model M nyingi, kofia yenye herufi inachomoka na kuacha shina lake. Toa na shina. Loweka kofia na mashina katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, si maji ya moto, kwa saa chache. Sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kisha tandaza juu ya taulo kivulini mpaka kesho. Maji yanayobaki ndani ya shina hutia springi kutu, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kasha la Model M linafungwa kwa skrubu nne zenye vichwa vya pembe sita, zilizozama ndani ya mashimo membamba upande wa nyuma. Zinahitaji spana ya boksi ya milimita 5.5 yenye ukuta mwembamba. Ya kawaida haiingii. Usijaribu kwa koleo. Utapasua kasha.

Ukiwa ndani utaona bati la nyuma lililopinda kidogo na vitone vya plastiki vilivyotapakaa juu yake: hivyo ndivyo vichwa vya ribiti. Vihesabu vilivyopotea. Kama ni vichache, na vimetawanyika, weka skrubu nyembamba mahali palipo tupu, ukitoboa shina la plastiki kwa kekee ya milimita 1.5 na kufunga skrubu ya milimita 2 yenye urefu wa milimita 8 pamoja na nati yake. Kama robo ya vichwa imeondoka, ni afadhali ufanye kazi yote: kwangua vilivyobaki kwa patasi ndogo, tenganisha bati na fremu, safisha karatasi za plastiki kwa kitambaa kikavu, toboa mashina yote, urudishe. Kazi hiyo ilinichukua siku mbili mara ya kwanza. Funga nati kuanzia katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa mzunguko, maana ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, bati halitakaa sawa na vitufe vya upande wa pili vitakuwa vilegevu kama mwanzo.

Kurudisha vitufe kuna siri yake. Simamisha kibodi wima, kitufe cha nafasi kikiwa juu, ili kila springi iegemee upande wake wa kawaida, ndipo ukandamize kitufe. Kibodi ikilazwa, springi inaweza kujikunja chini ya shina, na ikishapata mkunjo haitatoa tena mlio ule. Kila unaporudisha kitufe kimoja, kibonyeze usikilize kabla ya kwenda kwa kingine.

Model F iachwe mpaka uwe umekwisha kutengeneza Model M mbili au zaidi. Haina ribiti za plastiki. Mabati yake mawili yanashikana kwa vikucha na kufunguka kwa kuteleza, na katikati kuna tabaka la sponji ambalo kwa umri huu mara nyingi limegeuka makombo meusi. Kuibadilisha maana yake ni kufungua mabati, kupokea vinyundo vyote vinavyodondoka pamoja na springi zake, kukata sponji mpya yenye unene sahihi na mashimo yake yote, kisha kuvipanga upya bila kimoja kulala upande.

Watu wengi huniuliza juu ya kuondoa umanjano wa plastiki kwa haidrojeni peroksaidi na jua. Inawezekana, lakini mimi siifanyi. Jua letu ni kali, matokeo mara nyingi ni mabaka meupe yasiyolingana, peroksaidi yenye nguvu huunguza ngozi, na umanjano una tabia ya kurudi. Rangi ambayo mashine imeipata kwa kukaa karibu na dirisha la ofisi fulani kwa miaka 20 hainiudhi.

Kuunganisha ya zamani na ya sasa

Kibodi ya XT na ya AT zote zina plagi ileile ya DIN yenye pini tano, na hapo ndipo wengi hunaswa. Ya XT husema tu, haisikilizi: inatuma namba ya kitufe, nayo kompyuta haina njia ya kuijibu. Ya AT husema na kusikiliza, na namba zake ni nyingine. Ukichomeka ya AT kwenye XT, plagi itaingia vizuri na hakuna herufi itakayotokea. Kibodi nyingi za kuiga zina swichi ndogo chini, yenye alama za XT na AT, na hizo ni za thamani kwa mkusanyaji kwa sababu zinamwezesha kujaribu mashine yoyote.

Kutoka AT kwenda PS/2 ni plagi tu inayobadilika, kwa hiyo adapta ya bei ndogo inatosha. Kwenda USB ni jambo jingine. Ile adapta ndogo isiyo na kitu ndani, iliyokuwa ikija bure na vipanya, haitafanya kazi na Model M. Unahitaji kigeuzi chenye chipu yenye programu ndani yake, na kwa Model F ya XT tafuta hasa kile kinachoelewa lugha ya XT. Baada ya hapo unaweza kuichapia barua za leo. Kitufe cha Windows hakipo, kwa hiyo mimi nimekipa Caps Lock kazi hiyo.

Diski kuu za zamani zihesabu kuwa za kupita. Kabla ya kuisogeza XT au AT yenye diski inayofanya kazi, endesha programu ya kuegesha vichwa vya kusomea diski, maana katika nyingi vichwa hivyo havijiegeshi vyenyewe umeme ukizimwa. Ikifa, kadi ya XT-IDE, inayoiwezesha mashine ya zamani kutumia kadi ya kumbukumbu kama diski kuu, itachukua nafasi yake. Disketi za pwani hupata ukungu. Usiingize yenye madoa kwenye kiendeshi kizima, kwa kuwa itachafua kichwa na kuharibu nyingine zote zitakazofuata. Usiandike disketi ya kilobaiti 360 kwa kiendeshi cha megabaiti 1.2 ukitarajia 5150 iisome, maana njia zake ni nyembamba mno. Na ukikuta kumbukumbu za shule, hospitali au ofisi ndani ya diski, mrudie aliyekuuzia umuulize kabla ya kusoma zaidi au kufuta.

Kuhifadhi

Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, adui ni chumvi iliyomo hewani, na springi za kibodi ndizo zinazoanza kuumwa. Weka mashine juu ya rafu, mbali na ukuta wa nje, ukizifunika kwa shuka la pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani. Kibodi ziingie katika visanduku vyenye vifuko vya silika, ambavyo hukaushwa upya kila vinapolowa. Maboksi ya karatasi yasiguse sakafu, kwa sababu ya mchwa. Washa kila mashine kwa nusu saa kila baada ya miezi mitatu, ukichagua siku kavu, na kibodi zisizo na mashine uzichape kidogo kwa kigeuzi siku hiyohiyo.

Ndani ya kila kasha, bandika kwa utepe karatasi yenye namba ya mashine, mahali ilipotoka, kazi iliyokuwa ikifanya kama unaijua, na kila kipuri ulichobadilisha pamoja na tarehe yake. Tumia penseli, wino wa kalamu nyingi hufifia. Kapasita za zamani ulizozitoa zitie katika bahasha, uiweke pamoja na karatasi hiyo.